Priampu ya valvu: chaneli safi imefifia, ile kali iko sawa. Nianzie wapi?

GitaaLaBarani (Malindi)

Salaam aleikum wakubwa.

Nina priampu ya gitaa (kikuza sauti cha mwanzo) ya valvu, zile taa za kioo kama za redio za zamani, chaneli mbili. Nilipewa na Mtaliano mmoja mzee aliyeishi huku Malindi miaka mingi, siku alipofunga nyumba kurudi kwao. Alinipa pamoja na mwavuli wa bustani na paka. Paka alikufa, mwavuli ukaibiwa, priampu ndiyo niliyobaki nayo, na sasa nayo imeanza.

Ndani kuna valvu mbili ndogo za ECC83. Chaneli ya kwanza ni ya sauti safi, ndiyo ninayopigia taarabu na chakacha harusini. Ya pili ni ile kali yenye mkwaruzo, naiwasha mara moja moja hotelini wageni wakitaka kelele zao.

Tangu mwezi uliopita chaneli safi imeshuka. Haijakatika, haikwaruzi, haivumi. Sauti ni ileile, nene palepale, nyembamba palepale, ila ni kama mpigaji amerudi nyuma hatua kumi. Zamani kontroli ikiwa kwenye 5 nasikika juu ya kinanda bila taabu. Sasa mpaka niipeleke 7, na huko ule upepo wa "shhh" nao unapanda. Chaneli kali haijabadilika hata chembe.

Ijumaa iliyopita tulikuwa Muyeye. Bi harusi ndiyo anaingia, vidole vyangu vinakimbia, mpiga kinanda ananitolea macho: "We, mbona umenyamaza?" Sijanyamaza! Nilikuwa napiga mpaka waya unaniuma.

Nimeshabadilisha kebo na gitaa. Kontroli nimeipulizia dawa ya kusafishia. Fundi mmoja wa hapa mjini ameitazama kwa juu tu, hata skrubu hakufungua, akasema valvu zimechoka na anataka shilingi 9,000 aziagize. Kabla sijazitoa hizo pesa nimeona niulize. Nina mita ya kupimia na mashine ya kulehemu, na mkono wangu si mbaya, ila mambo ya valvu siyajui.

Mpwani_Tu

Valvu hizo. Za kwangu zilifanya hivyohivyo. Toa pesa kaka, harusi hazingoji.

GitaaLaBarani

Kaka, nilisahau kusema. Zile valvu mbili nimezibadilishana nafasi, ya kushoto nikaitia kulia. Chaneli safi ikabaki chini vilevile, kali ikabaki juu vilevile. Kama ni uchovu si ungehama na valvu?

SautiYaKisauni

Hapo umemjibu vizuri. Mambo mawili ya haraka kabla hujafungua.

Kwanza, soma namba kwenye kioo cha kila valvu, usiamini kilichoandikwa kwenye boksi. ECC83 ndiyo hiyohiyo 12AX7 ya Wamarekani. Lakini iko ndugu yake, 12AU7, inaingia soketi ileile, pini zilezile, inawaka vilevile, ila nguvu yake ya kukuza ni kama moja ya tano. Nishaona mtu akihangaika wiki nzima, kumbe aliuziwa hiyo.

Pili, kama nyuma kuna matundu ya kutolea sauti kwenda kwenye efekti (vile vifaa vya kupambia sauti, kama mwangwi) na kuirudisha, tundu la kurudishia lina kile kibati ndani kinachojigusa kusipochomekwa kitu. Kwa hewa yetu ya chumvi kibati kile hushika kutu na sauti hufifia pole pole, kama unavyoeleza. Chukua kebo fupi uunganishe tundu la kutolea na la kurudishia. Sauti ikirudi, umeshamaliza.

GitaaLaBarani

Nimefanya yote mawili. Namba ni ECC83 zote, maandishi yamefifia lakini ukipumulia kioo yanasomeka. Matundu ya efekti yapo, nimeunganisha kebo, hakuna tofauti.

SautiYaKisauni

Basi nami nimejichanganya. Tundu lile hupitiwa na chaneli zote mbili, lingekuwa bovu hata kali ingeshuka. Namwachia mwenye elimu yake.

FundiWaLangoni (Lamu)

Aleikum salaam mwanangu. Mimi ni fundi wa redio, nilianza na redio za valvu nikiwa kijana. Magitaa siyajui sana, lakini valvu ni valvu.

Una bahati moja kubwa ambayo sisi na redio zetu hatukuwa nayo: boksi lako lina chaneli mbovu na chaneli nzima pamoja. Huna haja ya kutafuta mchoro wa kiwanda. Chaneli nzima ndiyo mchoro wako. Kila unachopima huku, kipime na kule.

ECC83 ni valvu mbili ndani ya kioo kimoja. Kwa unavyoeleza, nadhani valvu ya kwanza nusu yake ni ya chaneli safi na nusu ni ya chaneli kali. Pini 1, 2 na 3 ni pleti, gridi na kathodi ya nusu moja: kathodi hutoa elektroni, gridi huzibana au kuziachia kwa kufuata sauti, pleti huzipokea. Pini 6, 7 na 8 ni pleti, gridi na kathodi ya nusu ya pili. Pini 4, 5 na 9 ni za hita, ile inayoipasha kathodi moto. Ukiigeuza soketi uitazame kwa chini, anza pale penye pengo uhesabu kwa mwendo wa saa. Watu wengi huhesabia juu wakapima pini siyo, halafu wakalaumu valvu.

Sasa nisikilize vizuri. Mle ndani kuna volti zaidi ya 200 za DC (umeme uliotulia, kama wa betri), na kapasita kubwa, vile vifaa vya kuhifadhi umeme, hubaki nazo hata umechomoa waya wa stima. Vaa ndara za mpira, usisimame pekupeku kwenye saruji yenye unyevu. Waya mweusi wa mita ubane kwenye bati la boksi kwa klipu, mkono wa kushoto utie mfukoni, upime kwa mkono mmoja. Ukitaka kugusa chochote kwa vidole, zima, chomoa, toa ule umeme kupitia rizista (kizuia mkondo) ya 10k, yaani ohmu elfu 10, ya wati 5, iliyofungwa kwenye waya wenye mpira, kisha pima. Ikisoma chini ya volti 5 ndipo utie mkono. Usifanye ule ujinga wa kugusisha bisibisi mpaka cheche iruke.

Kwanza tazama hita kwa macho, taa ya chumba ikiwa imezimwa. Utaona vijicho viwili kwa kila kioo. Viwili vyote vinawaka? Mara nyingi kwenye boksi kama hilo pini 4 na 9 huwasha nusu moja, 5 na 9 nusu ya pili, kwa hivyo pini moja ya soketi ikishika kutu nusu moja hupoa na nusu ya pili ikabaki kama kawaida. Huko ubadilishe valvu mpaka uchoke, ugonjwa uko kwenye soketi.

Kisha iache iwake dakika 5, unipimie pini 1, 6, 3 na 8 za valvu ya kwanza, na pale volti zinapoingilia kabla ya rizista za pleti.

GitaaLaBarani

Masalkheri mzee wangu. Nilisubiri mke na watoto walale nisije nikaguswa begani. Ndara nilivaa, mkono nilitia mfukoni, na bado moyo ulinienda mbio kama nimeiba.

Vijicho vyote vinne vinawaka, rangi ya chungwa.

Volti zinapoingia: 265.
Pini 1 (chaneli safi): 181. Pini 6 (kali): 184.
Pini 3: 1.3. Pini 8: 1.2.

Yaani sawa! Nilitarajia nikute shimo mahali. Hapa mgonjwa na mzima wana homa moja.

Mpwani_Tu

Kama volti ziko sawa basi boksi ni zima. Tazama masikio.

FundiWaLangoni (Lamu)

Mwanangu hakuharibu kazi, amefanya vizuri sana. Hizo namba zimefunga milango mingi kwa usiku mmoja.

Ungekuta pini 1 inasoma 265 sawasawa na inayoingia, ningekwambia valvu haipitishi mkondo, tazama rizista ya kathodi imekatika au hita. Ungekuta haisomi kitu, rizista ya pleti ndiyo imekatika. Wewe una 265 ikishuka mpaka 181. Rizista ya pleti hapo kwa kawaida ni 100k, basi mkondo ni mili-ampea 0.84. Mkondo huo ukipita kwenye rizista ya kathodi ya 1.5k unakupa 1.26, na wewe umesoma 1.3. Hesabu imekubali. Valvu nzima, rizista nzima, umeme upo.

Lakini mita yako imepima DC, na gitaa halipigi DC. Mna kwenye sehemu hiyo kifaa ambacho kwa DC ni kama hakipo, hata ukikikata kwa mkasi volti hazitabadilika. Kapasita. Zipo za aina mbili za kutazama. Ile ya kupitisha sauti kutoka pleti kwenda mbele, ndogo, kama mikrofaradi 0.022, hiyo ikilegea sauti hupotea kabisa au hubaki nyembamba kama ya simu. Wewe umesema nene iko palepale na nyembamba iko palepale. Hayo maneno yako ya mwanzo ndiyo yaliyonifanya nisimame, nikayasoma mara mbili. Kinachoshusha sauti yote sawasawa, bila kubadilisha rangi yake, na kuishusha kiasi tu, ni kapasita ya kathodi. Iko sambamba na ile rizista ya 1.5k pale pini 3. Huwa ya mikrofaradi 22 au 25, volti 25, ile ya mviringo yenye mstari wa minasi.

Tafuta njiti ya mshikaki, kavu, isiyo na mafuta. Boksi likiwa linawaka, mtu apige gitaa, wewe isukume kapasita hiyo kidogo kidogo kwa ncha ya njiti. Usikilize.

SautiYaKisauni

Mzee, niulize swali la mjinga. Kapasita ikikatika mbona isikate sauti? Mbona inapunguza tu?

FundiWaLangoni (Lamu)

Si swali la mjinga, mimi mwenyewe ilinichukua muda.

Valvu haijali gridi iko juu au chini kwa bati la boksi. Inajali umbali kati ya gridi na kathodi, yaani tofauti ya volti zao, basi. Gitaa likiisukuma gridi juu, mkondo huongezeka. Mkondo huohuo unapita kwenye rizista ya kathodi, kwa hivyo kathodi nayo hupanda. Gridi imepanda, kathodi imeifuata, umbali umepungua. Valvu imejibana yenyewe. Ni kama kuvuta maji kisimani huku kamba inarefuka mkononi, utavuta sana na ndoo itapanda kidogo.

Kapasita kazi yake ni kuishika kathodi itulie, mitikisiko yote ya sauti ikimbilie kwenye bati. Ikiwepo, hatua moja ya ECC83 yenye 100k na 1.5k hukuza kama mara 60. Ikikatika, kama mara 30. Nusu, yaani desibeli 6. Yule kijana anatoka 5 kwenda 7 kwenye kontroli, hiyo ni sawa na hesabu yangu.

Na chaneli kali haiguswi kwa sababu nusu yake ya valvu ina rizista yake na kapasita yake.

GitaaLaBarani

Jamani. Nipeni nafasi nieleze, maana nimecheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta.

Nimemkalisha mtoto wangu wa kiume na gitaa, nikamwambia apige waya mmoja tu asiache. Nimechukua njiti ya mshikaki, si ya kutumika, nimenunua pakiti mpya. Nikaifuata pini 3 kwa tochi ya simu. Nikaiona kapasita, mwili wake safi, haijavimba, haijavuja. Nikasema hapa mzee amekosea. Nikaigusa.

Ikacheza kama jino la mtoto.

Na pale pale sauti ikaruka, "pap", waya wa dogo ukajaa chumba kizima. Nikaachia, ikarudi chini. Nikasukuma, ikajaa. Dogo akadhani ni mchezo akaanza kucheka.

Nikazima, nikachomoa, nikatoa umeme kama ulivyonielekeza, nikapima nikapata 2. Nikageuza bodi. Mguu mmoja wa kapasita umeliwa pale unapoingia kwenye lehemu, pamebaki unga wa kijani na kitu cheusi kilichokauka na ncha nyeupe. Nikashangaa chumvi gani hii ya kula mguu mmoja tu na mingine yote ikang'ara. Nikainua tochi. Nyuma ya transfoma, mahali penye joto, kuna mayai mawili meupe, mviringo, makubwa kidogo kuliko punje ya dengu.

Mjusi kafiri! Amepanga chumba kwenye priampu yangu, na choo chake amekifanya juu ya kathodi ya chaneli safi.

Mpwani_Tu

Nafuta kauli yangu ya valvu. 😂😂 Shilingi 9,000 za valvu na mjusi angeendelea kukaa bure.

SautiYaKisauni

Kumbe paka wa Mtaliano ndiye aliyekuwa fundi. Tangu afe hakuna wa kumfukuza.

FundiWaLangoni (Lamu)

Huku kwetu nimetoa mijusi kwenye redio, kwenye feni, kwenye mita ya stima. Anapenda joto la transfoma. Kinyesi chake na mkojo wake hula shaba kuliko hata upepo wa kusi.

Sasa usiiunge ileile kwa mguu mfupi. Tia mpya. Mikrofaradi 22, volti 25 au zaidi, hata ya volti 50 ni sawa. Minasi iende upande wa bati, plasi iende pini 3. Ukigeuza haitakaa sana. Kabla ya kulehemu, sugua pale kwa mswaki wa meno na spiriti mpaka ule unga wote utoke, ukwaruze njia ya shaba mpaka uione nyekundu. Ukilehemu juu ya uchafu utarudi tena hapa kabla ya Ramadhani.

Ile ya zamani ipime ukipenda, kwa faida yako tu.

GitaaLaBarani

Mita yangu ina sehemu ya kapasita, nimeipima ile ya zamani kwa kushika kisiki cha mguu: mikrofaradi 21. Yaani haikuwa mbovu hata kidogo, mguu tu.

Mpya nimepata duka la spea za redio, shilingi 20. Muuzaji akauliza nataka ngapi, nikasema moja, akanitazama kama nimeomba jani moja la mchicha. Nikanunua tano.

Njia ya shaba kwenye bodi nayo ilikuwa imeliwa kiasi cha nusu kidole, nikaipitishia waya mwembamba juu yake. Nikawasha. Pini 3 bado 1.3, pini 1 bado 181, namba zilezile kabisa, na sauti imerudi. Hapo ndipo nilipokuelewa mzee, mita haikuona ugonjwa na haikuona kupona.

Jana tulikuwa Barani, kesha la ndugu wa mke wangu. Kontroli kwenye 5. Mpiga kinanda safari hii alinipungia mkono niteremshe.

Swali la mwisho mzee wangu. Mayai nimeyahamishia kwenye ua, nyuma ya mtungi. Lakini matundu ya hewa ya boksi ni mapana, mama mtu atarudi. Nikiyaziba valvu hazitapata joto kupita kiasi?

FundiWaLangoni (Lamu)

Usizibe. Chukua wavu wa chuma wa dirishani, ule wa kuzuia mbu, ukate vipande uvibandike kwa ndani ya matundu. Usitumie wa nailoni, juu ya valvu utayeyuka. Na vipande vyenyewe uvifunge kwa skrubu za boksi, si kwa gundi. Gundi kwa joto la Malindi itaachia, kipande kiangukie pini 1, halafu utaniandikia jambo jingine kabisa.

GitaaLaBarani

Kwa skrubu. Nimesikia mzee.